Gombesa na Ushahidi wa Haki

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jueni, enyi ndugu Waislamu, ya kwamba ushahidi ni amana, na kushuhudia uwongo ni katika madhambi makubwa. Hapana khilafu katika hili. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii hawampokei shahidi asemaye asilolijua, hata akiwa ni mtu wa safu ya mbele. Walakini hukumu hii husahauliwa watu wanapoitetea dini. Mtu hudhani kwamba maadamu nia yake ni njema, basi neno lolote alitupalo mbele ya mpinzani wake ni halali.

Mfano wake ni khabari ya samaki gombesa. Zamani wataalamu walimjua kwa mifupa yake iliyogeuka mawe tu, wakadhani jamii yake imetoweka tangu miaka kama milioni 66. Hata mwaka 1938 akavuliwa mmoja huko Afrika ya Kusini, na mwaka 1952 wa pili katika kisiwa cha Nzuani, Komoro, kwa Waislamu wenzetu, ambao wavuvi wao ndio walimwitao gombesa. Na tangu mwaka 2003 amenaswa pwani ya Tanzania, na wengi wamepatikana Tanga.

Basi baadhi ya watu wakasimama wakasema: samaki huyu hakubadilika tangu zama hizo, kwa hivyo ni uwongo mtupu kwamba viumbe hubadilika na kwamba wanyama wa nchi kavu wana asili katika samaki. Neno hili huyapendeza masikio. Lakini je, msemaji wake amemtazama huyo samaki?

Mwenye kumtazama huona mambo manne. La kwanza, gombesa wa leo si yule wa mawe. Wamekhitalifiana kwa mifupa na umbo, wala hawahesabiwi kuwa jinsi moja. Na gombesa aliyevuliwa Indonesia mwaka 1998 ni aina nyingine kuliko huyu wa Komoro. La pili, mapezi yake manne, yaliyo jozi mbili, yana mifupa ndani yake kama ya mkono na mguu, naye anapoogelea huyapeleka kwa kupokezana, kama mnyama apigaye hatua. La tatu, mwaka 2015 wataalamu walibainisha kwamba ana pafu lisilofanya kazi. Mtoto akiwa tumboni mwa mamake pafu hilo huanza kukua, kisha hudumaa. Samaki akaaye katika kina cha mita 100 na zaidi ana haja gani ya pafu, ila liwe ni urithi wa wazee wake waliovuta pumzi? La nne, mwaka 2013 yalisomwa maandishi ya urithi yaliyomo katika chembe za mwili wake. Ikadhihiri kwamba wanyama wa miguu minne wamekaribiana zaidi na kamongo, samaki wa maziwa na mabwawa ya Afrika avutaye pumzi kwa mapafu, kuliko na gombesa.

Hii ni nasaba, na watu wa pwani wanajua nasaba. Ami aliyebaki Hadhramaut hawi dalili ya kwamba watoto wa nduguye hawakuhamia Lamu. Gombesa ni tawi lililobaki baharini. Kubaki kwake hakukanushi safari ya wengine. Na safari hiyo ina athari zake. Wataalamu waliikadiria zama yake, wakaenda kaskazini ya Kanada penye mawe ya umri huo, na mwaka 2004 wakapata mifupa ya samaki mwenye magamba na mapezi, tena mwenye shingo na kifundo cha mkono, wa miaka kama milioni 375. Jina lake Tiktaalik.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, naye ni katika wakubwa wa madhehebu ya Shafii, aliwaonya waliokanusha hesabu ya kupatwa kwa jua kwa jina la dini. Alibainisha kwamba mtu huyo huidhuru dini. Kwani mwenye yakini ya hesabu hataitilia shaka hesabu yake, bali ataitilia shaka dini.

Ama khabari ya Nabii Adam, wenye elimu ya mifupa humtia binadamu katika nasaba hiyo hiyo, na maulama wa zama hizi wamekhitalifiana: wako waikataao yote, wako waikubalio kwa viumbe vyote ila Adam, ambaye kuumbwa kwake ni muujiza, na wako wafasirio vingine. Mwenye kuingia mlango huo na aingie kwa elimu na adabu. Lakini hapana kauli katika hizo inayomhalalishia mtu kumsingizia samaki.

Kijana atokaye skuli humwuliza babake, naye babake humjibu kwa hoja ya gombesa. Siku kijana atakapomwona gombesa mwenyewe, hatasema baba alikosea. Atasema Uislamu umekosea. Na dhambi hiyo itaandikwa juu ya nani? Mwenye kuumba hakuhitaji kutetewa kwa uwongo juu ya alichokiumba. Asiyejua na anyamaze, au akasome.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa mashahidi wa haki, hata juu ya nafsi zao. Amin. Wallahu aalam.