Bei nafuu ya esansi: nani hulipa kilichopungua?

Kutafuta bei nafuu si kosa. Mtu mwenye akili hutunza fedha yake, hasa akiwa na watoto wa kulisha na karo ya shule ya kulipa. Dereva wa teksi mjini Lubumbashi huamka kabla jua halijachomoza. Yampasa kumpelekea mwenye gari fedha ya siku, na kununua esansi. Kinachobaki ndicho chakula cha nyumba yake. Esansi ikipanda bei, sahani ya watoto hupungua. Dereva wa namna hiyo akiuliza huku na huku wapi esansi au mazutu yauzwa kwa bei ya chini, nani atamlaumu?

Lakini liko swali moja ambalo yafaa alijibu kabla ya kufungua kifuniko cha tangi: fedha asiyoilipa yeye, nani ailipa?

Ili kulijibu swali hilo, ni lazima kujua kwanza esansi yatoka wapi. Sehemu kubwa ya mafuta yatumiwayo Lubumbashi hufika kwa meli katika bandari za Bahari ya Hindi, kama Dar es Salaam. Hapo hupakiwa katika malori ya tangi, hupita Zambia, na kuingia Kongo kwenye mpaka wa Kasumbalesa, baada ya safari ya karibu kilometa 2,000. Njiani wote wana haki yao: aliyeyasafisha mafuta, mwenye meli, dereva wa lori, mlinzi wa ghala, na kodi ya forodha nayo yadaiwa, kwa ajili ya barabara, shule na zahanati. Tena serikali ndiyo iwekayo bei ya vituo vya mafuta. Kwa hiyo bei ya kituo na kituo katika mji mmoja haitofautiani sana. Basi, mtu akiuza kwa bei iliyo chini mno, katika mstari huo mrefu kuna kitu kilichopunguzwa: au kodi, au kipimo, au usafi wa mafuta, au mali ya mtu fulani iliyofyonzwa kwa mpira usiku lori likiwa limelala njiani.

Hata hivyo, kuna nafuu iliyo halali, ambayo haimwibii mtu yeyote. Dereva mwangalifu hujaza upepo wa kutosha katika magurudumu, maana gurudumu laini huitesa injini. Huzima injini akingoja abiria. Haendi mbio bure, kwa sababu mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu ya upepo inayoizuia gari huongezeka mara nne, na nguvu hiyo hushindwa kwa esansi. Hasukumi mafuta kwa ghafula, kisha kufunga breki kwa ghafula. Kila jambo ni dogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Tena hupiga hesabu. Tuseme gari lake hutumia lita 10 kwa kilometa 100, naye asikia kwamba bei ni nafuu mahali palipo kilometa 10 kutoka kwake. Kwenda na kurudi ni kilometa 20, yaani lita 2. Akinunua lita 20, atabaki na 18 tu. Bei ya huko isipopungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, hakupata faida yoyote; amejichosha bure.

Sasa yatazamwe mauzo ya kando ya barabara. Katika miji mingi ya Kongo wako vijana wauzao esansi katika chupa na bidoni, nao huitwa kadhafi. Si haki kusema kwamba wote ni wezi. Wengi ni watu wasio na kazi nyingine. Hununua kituoni, hubeba mpaka mtaa ulio mbali, na kuongeza faida kidogo kwa ajili ya taabu yao. Hiyo ni biashara kama biashara nyingine. Lakini wako wengine ambao bidoni yao imebonyezwa ndani ili lita isifike kuwa lita, au ambao huchanganya mafuta ya taa katika mazutu, kwa kuwa katika nchi nyingi kodi ya mafuta ya taa huwa ndogo. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama mazutu yafanyavyo. Pampu ya injini husagika pole pole, na baada ya miezi dereva hulipa kwa fundi mara nyingi zaidi ya kile alichookoa.

Huenda mtu wa kijijini akasema: «Habari hiyo ni ya watu wa mjini, wenye motokari.» Sivyo. Bidoni iliyochukua esansi leo huchukua mafuta ya taa kesho. Mafuta ya taa safi hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka yapate joto la digrii 38 au zaidi. Lakini esansi hutoa mvuke huo hata katika baridi kali. Esansi kidogo ikichanganyika na mafuta ya taa, taa ya mezani yaweza kulipuka mbele ya mtoto asomaye kitabu chake. Mama aliyeinunua hakupata faida ya mchanganyiko huo, wala hakuujua. Yeye ndiye aliyelipa kilichopunguzwa na mwingine.

Watu wa Kivu ya Kusini hawajasahau yaliyotokea Sange, tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lilipinduka kijijini, na mafuta yakamwagika. Watu wakaja na vyombo kuchota, kwa kuwa walikuwa maskini na mafuta yalikuwa bure. Moto ukawaka. Watu zaidi ya 230 walikufa. Wengi wao hawakuchota hata tone: walikuwa wameketi katika nyumba wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Asiwepo wa kuwahukumu marehemu hao, maana umaskini huvuta mkono. Lakini kisa hicho chafundisha kwamba mafuta yaliyoonekana kuwa bila bei yalikuwa na bei, na moto haukuuliza nani alichota na nani hakuchota.

Je, dereva asiyejua asili ya mafuta aliyonunua ana hatia? Asiyejua kweli hana hatia. Hakuna amlazimishaye kuwa polisi. Lakini yuko asiyejua kwa sababu hataki kujua. Aona bei ni nusu ya bei ya kituo, aona muuzaji anatazama nyuma na mbele, naye asema moyoni: «Nisiulize, nisije nikaambiwa.» Huyo amekwisha kujua. Kufumba macho mbele ya mwizi ni kumshikia mlango.

Je, umaskini wake si udhuru? Humpunguzia lawama, wala halisemwi neno gumu juu ya mtu alalaye na njaa. Lakini haubadili mali ya mwingine kuwa yake. Mara nyingi aliyeibiwa ni maskini kuliko yeye: dereva wa lori atakayekatwa mshahara kwa ajili ya lita zilizopotea, au mgonjwa asiyekuta dawa katika zahanati.

Basi, dereva mwema hutafuta bei nafuu, nayo ni haki yake. Huitafuta kwanza katika mguu wake ukanyagao mafuta, katika magurudumu yake na katika hesabu yake. Akiikuta kwa muuzaji, hutazama kipimo na kuuliza mafuta yatoka wapi. Akipata jibu la kweli, anunue kwa amani. Akikosa jibu, aendelee na safari yake.

Maswali ya kufikiri
1. Kwa nini bei iliyo chini mno yapasa kuulizwa asili yake?
2. Taja njia tatu za kuokoa esansi pasipo kumwibia mtu.
3. Kuna tofauti gani kati ya asiyejua na asiyetaka kujua?
4. Katika soko la kijiji chako, ni kitu gani chauzwa kwa bei ya chini mno, na ni nani alipaye kilichopungua?