Java ya Kwenye Laini

Katika soko la mifugo la Garissa, mbuzi anaweza kubadili mmiliki bila noti hata moja kuonekana. Mzee anatoa simu yake ya mulika mwizi kwenye mfuko wa shati, anafungua menyu ya M-Pesa, anaingiza namba ya siri, na upande wa pili ujumbe unalia. M-Pesa ilipoanza, Machi 2007, menyu hiyo ilikaa ndani ya laini, ile kadi ya SIM, si ndani ya simu. Ndiyo maana hata kabambe isiyojua intaneti iliimudu.

Programu za kwenye laini aghalabu huandikwa kwa Java Card, mdogo wa ile Java iliyotangazwa mwaka 1995. Sarufi ni ileile, lakini aliyezoea Java ya kompyuta akiingia humo huwa kama aliyeambiwa aache viatu mlangoni. Namba za desimali hamna. Anayetaka senti aihesabu shilingi kuwa senti 100. Hamna faili za kufungua kwa njia ya Java ya kompyuta. Hata ile salamu ya "Habari dunia" tuliyoanzia sote haiandikiki kwa njia tuliyoizoea, kwa sababu aina ya maandishi imeondolewa, na herufi hupangwa baiti moja moja. Kioo nacho si cha programu: huiomba simu iionyeshee neno.

Ujanani niliidharau Java Card. Niliiona lugha iliyokatwa ulimi, na nililaumu udogo wa chipu, jambo ambalo ni kweli nusu tu. Nusu ya pili ni majirani. Kadi moja huweza kubeba programu za wenyewe mbalimbali, na baina yao kuna ukuta. Hii haigusi data ya ile mpaka mwenye data akubali kufungua. Mgeni kwenye boma la wafugaji naye hajifungulii zizi. Hukaa alipoonyeshwa, akangoja maziwa yaletwe, wala hakuna anayesema amedhalilishwa. Akilala, wenyeji nao hulala.

Ila boma lina mwenyewe anayejulikana. Funguo za kadi hazishikwi na yule mzee wa sokoni bali na kampuni ya simu, na hilo hunisumbua kuliko desimali zilizokosekana. Yeye ana tarakimu zake nne tu, na huzibonyeza akiwa ameligeuzia soko mgongo.