Kamari na Sheria katika Nchi ya Malaysia

Katika nchi ya Maniema, pande za Kasongo, Wakristo na Waislamu hukaa kijiji kimoja, na watoto wao huteka maji pamoja. Huko hujulikana ya kuwa Mwislamu aishikaye dini yake hachezi karata za fedha. Jirani zake wakiketi chini ya mwembe na kuweka franka zao katikati, yeye huwasalimu na kupita. Wengine humcheka, wakidhani anaogopa kuliwa fedha zake. Hawamjui. Mtu huyo anayo amri. Na hata neno lenyewe «kamari» liliingia katika Kiswahili kutoka lugha ya Kiarabu.

Lakini mtu kujizuia mwenyewe ni jambo moja, na serikali kuwazuia watu ni jambo jingine. Je, nchi ambayo dini yake ni Uislamu, nayo ina raia wengi wasio Waislamu, itaandika sheria gani juu ya kamari? Itawakataza wote? Itawaruhusu wote? Au itamkataza mmoja na kumwachia mwenziwe? Swali hili si la kubuni tu. Liko Malaysia, nchi ya Asia, ambako kwa hesabu ya watu ya mwaka 2020 Waislamu walikuwa kama 63 katika kila watu 100, na waliosalia ni wafuasi wa Buddha, Wakristo, Wahindu na wengineo.

Kwanza yafaa kuijua amri yenyewe. Qurani yaitaja kamari kwa jina la maisiri. Katika sura ya 2, aya ya 219, watu wanamwuliza Muhammad habari za mvinyo na maisiri, naye anaambiwa awajibu ya kuwa katika vitu hivyo mna dhambi kubwa, na pia manufaa kwa watu, lakini dhambi yake yapita manufaa yake. Katika sura ya 5, aya ya 90 na 91, katazo linatolewa wazi: maisiri ni uchafu katika kazi za Shetani, naye Shetani autumia kutia uadui na chuki kati ya watu, na kuwasahaulisha kumkumbuka Mungu na kusali.

Maisiri ilikuwa mchezo gani? Waarabu wa kale walichinja ngamia, wakaigawa nyama yake mafungu kumi. Kisha walitia mishale mfukoni, mingine yenye alama za mafungu, mingine mitupu, nayo ilitolewa mmoja mmoja kwa jina la kila mchezaji. Aliyepata mshale mtupu hakupata nyama, tena alipaswa kulipa bei ya ngamia. Na walioshinda je, walikula wenyewe? Wafasiri wa Qurani wasimulia ya kuwa waliwapa maskini nyama ile, wakajisifu kwa ukarimu wao, na mtu asiyetaka kucheza aliitwa bahili.

Hapa msomaji asimame kidogo. Mchezo ule ulilisha wenye njaa, nao ukakatazwa. Basi si kweli kwamba kamari ilikatazwa kwa sababu haina faida yo yote. Aya yenyewe yakiri faida. Ilikatazwa kwa sababu ya njia ambayo faida ile hupatikana: huyu hushiba kwa kuwa yule amepoteza.

Mtu aweza kujibu: «Lakini wachezaji wote wawili wamekubali. Tena mkulima naye hubahatisha, kwa maana hupanda mahindi asijue mvua itanyesha lini.» Jibu hilo si la kipumbavu. Walakini mkulima akivuna magunia kumi, hakuna jirani aliyepungukiwa magunia kumi kwa ajili hiyo. Mchezaji kamari hawezi kupata ila kwa hasara ya mwenziwe. Na yule aliyekubali kuweka fedha hakukubali kushindwa, alikubali kwa kuwa alitumaini mwingine ndiye atakayelia. Kwa sababu hiyo wanasheria wa Kiislamu hawakukataza kila shindano. Waliruhusu zawadi katika mbio za farasi na za ngamia na katika kutupa mishale, kwa kuwa michezo hiyo iliwazoeza watu ulinzi. Hasa zawadi ikitolewa na mtu asiye mshindani, kama vile mfalme.

Sasa turudi Malaysia. Katiba ya mwaka 1957, kifungu cha 3, yasema Uislamu ni dini ya Shirikisho, na ya kuwa dini nyingine zaweza kufuatwa kwa amani. Juu ya kamari nchi ile ina sheria za aina mbili, moja kando ya nyingine. Za kwanza ni za raia wote, kama zile za mwaka 1953, zilizotungwa wakati wa Waingereza. Hizo hazisemi kamari ni dhambi. Zinakataza nyumba za kamari na mapokezi ya dau pasipo ruhusa ya serikali. Za pili ni sheria za Kiislamu, ambazo huwafunga Waislamu peke yao na kuamuliwa katika mahakama zao. Kwa mfano, sheria ya mwaka 1997 ya maeneo ya Shirikisho, kama mji wa Kuala Lumpur, yasema Mwislamu achezaye kamari, au akutwaye tu katika nyumba ya kamari, aweza kutozwa faini isiyozidi ringgit 3,000, au kufungwa muda usiozidi miaka miwili, au kupewa adhabu zote mbili.

Mwaka 1969 serikali ya waziri mkuu Tunku Abdul Rahman, ambaye alikuwa Mwislamu na mwana wa sultani wa Kedah, ilimpa ruhusa ya kufungua kasino mfanyabiashara mmoja mzaliwa wa China, Lim Goh Tong. Mtu huyo alikata barabara msituni akajenga hoteli juu ya mlima, mahali paitwapo Genting, penye urefu wa mita 1,800 hivi juu ya bahari. Hoteli ilifunguliwa mwaka 1971, na kasino yake ikawa ya pekee yenye ruhusa katika nchi nzima. Mwislamu haruhusiwi kuingia. Nacho kitambulisho cha raia Mwislamu kimeandikwa neno la dini yake, hata mlinzi wa mlango hana haja ya kuuliza sana. Katika mwaka ule ule wa 1969 serikali ilianzisha kampuni ya kuuza namba za bahati nasibu, ambayo mwaka 1985 iliingia mikononi mwa watu binafsi.

Basi, marafiki wawili wapanda mlima ule. Mmoja ni Mmalay Mwislamu, wa pili ni Mchina. Wote ni raia wa nchi moja, kazi yao moja, mshahara wao sawa. Mlangoni mmoja arudishwa na mwingine akaribishwa. Je, hiyo ni haki?

Walio upande wa sheria hiyo hujibu hivi: amri ya dini humfunga mwenye dini. Kumlazimisha Mchina kushika amri ya Qurani ni kumwonea, na Qurani yenyewe, katika sura ya 2, aya ya 256, yasema hakuna kulazimisha katika dini. Jibu hilo lina heshima ndani yake. Nchi ngapi zimewatesa walio wachache kwa kuwatwika sheria ya walio wengi!

Lakini kuna neno la upande wa pili, nalo ni zito zaidi. Amri ya Mungu yaweza kumchagua mtu, bali madhara hayachagui. Kama kamari imekatazwa kwa kuwa yaleta chuki nyumbani na kumla mtu mshahara wake, mtoto wa Mchina huona njaa kama mtoto wa Mmalay. Sheria inayomlinda mmoja na kumwacha mwingine yaonekana kuwa na upole, kumbe yaweza kuwa na ubaridi wa moyo. Tena serikali hupokea kodi ya kasino na ya bahati nasibu. Hapo aya ya manufaa na dhambi yarudi kwa namna isiyotazamiwa: manufaa huingia katika hazina ya wote, na hasara huachiwa wale ambao sheria haikuona haja ya kuwakinga. Serikali ikiisha kuzoea mapato hayo, itamhurumia mchezaji kwa shida.

Majimbo mengine yalichagua njia nyingine. Kelantan, ambako chama cha Kiislamu kimetawala tangu mwaka 1990, kilifunga maduka ya namba za bahati nasibu kwa watu wote. Mwaka 2021 serikali ya Kedah, nchi ya kuzaliwa ya yule Tunku, ilitangaza kwamba haitatoa tena ruhusa kwa maduka hayo. Wengi wasio Waislamu walinung'unika ya kuwa wanafungishwa kwa dini isiyo yao. Wengine walisema wauzaji wa siri ndio watakaofurahi. Huko Indonesia, nchi jirani, sheria ya mwaka 1974 ilihesabu kila kamari kuwa kosa, kwa Mwislamu na kwa asiye Mwislamu. Na jimbo la Aceh likaongeza viboko. Mwezi wa Juni 2005, mjini Bireuen, wacheza kamari walipigwa hadharani nje ya msikiti, umati wa watu ukitazama.

Kupigwa mbele ya umati! Yawezekana mtu yule hakucheza tena. Yawezekana pia aliacha kwa aibu tu, na moyo wake ukabaki mezani penye karata.

Swali hili Wakristo nao walilijadili zamani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha ya kuwa sheria ya wanadamu hutungwa kwa ajili ya watu wengi, na walio wengi si wakamilifu katika fadhila. Kwa hiyo haikatazi kila uovu, bali ule ulio mzito, hasa unaowadhuru wengine. Kadhalika Katekisimu ya mwaka 1992 haisemi michezo ya bahati ni udhalimu kwa yenyewe. Yasema haikubaliki inapomnyima mtu vitu vinavyohitajiwa kwa riziki yake na ya watu wake. Hapo Kanisa na Uislamu hutofautiana, wala haifai kuificha tofauti hiyo: Mwislamu hukatazwa hata dau la franka moja. Lakini kipimo cha Tomaso chawahusu watawala wote. Sheria iulize nani anadhurika, na kwa kiasi gani, kabla ya kuuliza nani ni wa dini gani.

Tena itakuwa dhuluma kudhani kwamba kanuni ya Waislamu juu ya maisiri ilizaa makatazo na viboko tu. Mwaka 1972 baraza la wanavyuoni wa Malaysia lilitazama bima ya maisha. Mtu hulipa kidogo kidogo kila mwezi; akifa mapema, jamaa zake hupata fedha nyingi kuliko alizolipa, na kampuni hupata hasara; mapatano yakiisha naye angali hai, huenda ikawa faida yote ni ya kampuni. Wanavyuoni walisema katika mapatano hayo mna harufu ya kamari, na riba pia. Lakini mjane hawezi kulishwa kwa katazo. Basi mwaka 1984 ilitungwa sheria ya takafuli, yaani ya kudhaminiana. Kila mmoja hutoa fungu lake kama sadaka katika mfuko wa wote, na aliyepatwa na msiba husaidiwa kutoka mfuko huo. Kampuni huuangalia tu na kupata ujira wake. Mtu wa kijijini anayetoa mchango wa kilio kila jirani anapofiwa, akijua ya kuwa siku yake nayo yaja, ataelewa upesi kuliko wengi wa mjini.

Wako wanaosema tofauti ni ya maneno tu, kwa maana fedha hulipwa na fedha hutolewa vile vile. Labda katika kampuni nyingine ni hivyo. Lakini katika mfuko wa takafuli hakuna aliyeingia akimtazamia mwenziwe hasara, na Mchina na Mhindi huandikishwa humo pamoja na Mmalay, pasipo kutazama kitambulisho kimeandikwa dini gani.