Je, Ni Haki Kumtibu Mgonjwa wa Bipola Anayekataa?

Swali hili huulizwa jikoni na uani kabla ya kuwafikia wanafalsafa. Mtu mzima, mwenye kazi na familia, anasema hataki dawa. Ndugu zake wanasema lazima ameze. Nani mwenye haki? Kwa magonjwa mengi jibu letu ni jepesi: mwenye mwili ndiye mwenye neno. Mgonjwa wa kisukari akikataa sindano tutamsihi, tutamletea mchungaji au shehe, lakini hatutamfunga kamba. Kwa bipola kamba huletwa mapema sana, na aliyeileta hadhani kwamba amefanya jambo linalohitaji kutolewa sababu.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe, kwa kuwa wengi huuchukulia kama tabia ya mtu wa kununa leo na kucheka kesho. Bipola huja kwa vipindi. Kuna kipindi cha kupanda, kiitwacho mania, ambacho hudumu wiki moja au zaidi: mgonjwa hulala saa mbili na hachoki, maneno yanafukuzana mdomoni, anajiona hana asiloweza, fedha zinamtoka bila hesabu. Kuna kipindi cha kushuka, yaani sonona, kinachodumu majuma mawili au hata miezi. Mwili unakuwa mzito, hamu ya kila kitu inakwisha, na fikra za kujiua zinaweza kumjia. Kati ya vipindi hivyo, na hili ndilo watu husahau, anaweza kukaa miezi au miaka akiwa mzima, anafundisha, analima, analea watoto. Mara nyingi ugonjwa huanza katika ujana, umri wetu sisi tunaosoma chuoni.

Dawa zipo. Iliyo maarufu zaidi ni lithiamu, chumvi ya asili ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika mwaka 1949 kwamba inatuliza mania. Haiponyi moja kwa moja. Inazuia vipindi visirudi au inavipunguza makali, kwa hiyo humezwa hata siku ambazo mtu hajisikii mgonjwa. Na ina masharti. Kiasi kinachosaidia kiko karibu na kiasi kinachodhuru, hivyo damu lazima ipimwe mara kwa mara, figo na tezi ya shingo zichunguzwe, na mtu akiharisha au akitoka jasho jingi bila kunywa maji anaweza kupata sumu. Mikono hutetemeka. Wengine husema mawazo yao yamepungua kasi. Anayekataa dawa hii si lazima awe mjinga.

Binamu yangu mmoja ni mwalimu wa hisabati hapa Uganda. Katika mania yake ya pili aliuza pikipiki kwa nusu ya bei, akakopa kwa simu mpaka laini ikafungwa, akawaahidi vijana kumi ajira katika shule ambayo hata kiwanja chake hakikuwepo. Wazee walipomkamata alipiga kelele kwamba wanamwonea wivu. Miezi mitatu baadaye ndiye aliyekuwa akilipa deni, akiwa hawezi hata kunyoa ndevu.

Ndugu waliomkamata walikuwa na hoja moja: hana akili. Hoja hiyo naikataa, ingawa nakubali kwamba ilibidi azuiwe. Ukisema mtu hana akili umemwondolea neno lake lote, la jana na la kesho. Tangu hapo kila alipolalamika juu ya kibanja cha marehemu baba yake, ambacho ami yake analima bila kumwuliza, aliambiwa, “Umemeza dawa leo?” Malalamiko yake yalikuwa ya kweli, na yeye alikuwa mzima kabisa alipoyatoa. Hapa kwetu jina la Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala, limegeuzwa tusi la watoto shuleni. Mtu akishalazwa huko, wako wanaohesabu kwamba hakutoka.

Katika hili sheria imetutangulia. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya 2010 haiulizi kama mtu ana ugonjwa. Inauliza kama wakati wa kufanya mkataba aliweza kuelewa anachokifanya. Mtu ambaye kwa kawaida akili yake haiko sawa anaweza kufunga mkataba katika wakati ambao iko sawa. Huo ni ugonjwa wa vipindi hasa.

Basi ikiwa neno lake la wakati wa uzima ni halali kwa kuuza ng'ombe, kwa nini lisiwe halali kwa kujihukumia mwenyewe? Tunajua wasia: mtu anasema leo yatakayofanywa siku ambayo hawezi kusema. Mgonjwa wa bipola anaweza kuacha wasia angali hai, akiwa ametulia, mbele ya ndugu na muuguzi wake. Hapo anayemshika mkono siku ya mania hamlazimishi, anamtii.

Mwenzangu darasani alinipinga vikali. Alisema: yule wa mania naye ni yeye. Anasema kwa kinywa kilekile kwamba sasa ndiyo yuko huru, na kwamba aliyeandika wasia alikuwa mwoga aliyelemazwa na vidonge. Nani ametuchagulia huyu na kumwacha yule? Pingamizi hili ni zito, na sidhani linajibiwa kwa kutafuta yupi “halisi”. Mimi naangalia jambo dogo zaidi. Aliye mzima anamkumbuka wa mania, anamjua, hata anatamani furaha yake, kisha anaamua akiwahesabu wote wawili. Wa mania hamhesabu mwingine. Anatumia fedha ambazo mwenzake atazilipa.

Lakini tukilikubali hilo, tumejifunga upande wa pili pia, na hapa jamaa wengi wataniacha. Je, akiwa mzima, baada ya kuelezwa yote, aseme hataki lithiamu na atavumilia hatari? Nadhani tutamsihi, tutamwuliza habari ya dawa nyingine, na tukishindwa tutamwacha, isipokuwa maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini. Na yule ambaye hakuacha wasia wowote? Kwake nguvu iwe ya siku chache na ya kumwokoa tu, kisha akitulia aulizwe, maana huwa hatuulizi.

Binamu yangu aliulizwa na dada yake, si na wazee. Aliandika ukurasa mmoja kwenye daftari la mazoezi. Akilala chini ya saa nne kwa usiku tatu mfululizo, dada achukue simu na kadi ya benki. Apelekwe kliniki kwa gari, mchana, asifungwe. Maombi yafanyike baada ya dawa. Na mstari wa mwisho, alioupigia msitari mara mbili: mambo ya kibanja yasihesabiwe kuwa dalili.