Aisifuye Mvua

Lipo swali ambalo kila mtu mzima huulizwa mara nyingi katika maisha, na sisi walimu huulizwa zaidi kwa kuwa watu hutudhania tunajua: "Mwalimu, hicho ulichonunua ni kizuri?" Anayeuliza ana fedha mfukoni, aghalabu si nyingi, naye atafanya kama atakavyoambiwa. Katika miaka yangu yote ya kufundisha walimu nilisikia ikisisitizwa kwamba muuzaji asidanganye, mizani isipunjwe, na chupa ya mafuta ya taa ijazwe mpaka juu. Sikumbuki somo hata moja lililogusa wajibu wa mnunuzi. Huyu aliyekwisha kulipa na kukaa na kitu, je, anadaiwa nini na jirani anayetaka kununua kama yeye?

Ndugu msomaji, swali hili nitalijadili kwa mfano wa kitu kidogo, nacho ni kile kicheza diski cha mkononi, cha bei nafuu, kilichoenea huku kwetu Ngara na Biharamulo miaka ya 2003 hadi 2006. Ninajua kwamba wapo watakaosema mzee amekosa la kuandika. Lakini maadili ya watu huonekana vizuri zaidi katika vitu vya shilingi elfu ishirini kuliko katika hotuba.

Zamani swali la "ni kizuri?" lilikuwa jepesi. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi kusikiliza masomo ya redio, mtu alikuwa na redio au hana. Wenye nayo walikuwa na National au Philips, na hapakuwa na la kulinganisha. Redio ilikaa mezani imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na betri zilipoanza kuchoka zilianikwa juani. Baadaye milango ya biashara ikafunguliwa, kuanzia mwaka 1984, na vitu vikaanza kuingia kwa namna ambazo hatukuzizoea. Kisha ukaja mwaka 1994, watu wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi na kujaza Benaco, na Ngara ikawa soko kubwa lililotuvamia bila taarifa. Radio Kwizera ilipoanza mwaka 1995, hapa hapa Ngara, kwa kazi ya Wajesuiti wahudumiao wakimbizi, hata waliokuwa wamezoea kusikiliza Kigali na Bujumbura kuliko Dar es Salaam walipata sauti ya jirani. Kwa hiyo sisi si watu wasiojua vyombo vya sauti. Tuliishi navyo.

Vicheza diski vilikuja vikiwa vimetanguliwa na sifa. Kampuni ya Sony ilikuwa imetoa chake cha kwanza cha kubebeka mwaka 1984, miaka miwili tu baada ya diski zenyewe kuanza kuuzwa Japani. Miaka ishirini baadaye ndipo viigizo vyake vilipofika madukani kwetu kwa wingi, vikiwa na majina yanayofanana na majina makubwa kwa herufi zote isipokuwa moja. Kilikuwa kibapa cha mviringo, kikubwa kuliko kiganja kidogo, chenye nafasi ya betri mbili nyembamba na waya wa kuweka masikioni. Bei ilikuwa kama shilingi 25,000. Mwalimu aliyeanza kazi aliweza kukinunua ikiwa angefunga mkanda.

Basi nikawa nasikiliza maoni ya walionunua, maana chuoni kwetu na vijijini jirani hapakuwa na mazungumzo mengine kwa miezi kadhaa. Mwalimu mmoja wa kwaya alikisifu mpaka akakaribia kukiombea. Alisema kwa mara ya kwanza amesikia sauti ya nne ikitengana na ya tatu, jambo ambalo kanda za kaseti, zilizonakiliwa mara kumi, zilikuwa zimelizika. Utingo wa lori lililopita Lusahunga kwenda Rusumo alikitukana. Alisema kila shimo la barabara lilikuwa ubeti mmoja uliopotea, na barabara ile siku zile ilikuwa na mashimo kuliko nyimbo. Mama mmoja muuza duka alisema havirudi, maana yake wateja hawavirudishi. Kijana wa mwaka wa pili akasema chake ni kibovu, hakisomi diski.

Huyu kijana wa mwisho nilimwita niione diski yenyewe. Ilikuwa imenunuliwa Kahama, ina nyimbo zaidi ya mia moja. Diski ya kawaida ya muziki huchukua dakika 74 au zaidi kidogo. Haiwezekani nyimbo mia zikae humo isipokuwa zimebanwa kwa utaratibu wa kompyuta, nacho kicheza diski cha bei ile hakikuumbwa kuusoma utaratibu huo. Chombo kilikuwa kizima. Diski nayo ilikuwa nzima. Ila kijana alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake kumi na watano kwamba chombo ni kibovu, na wote walimwamini kwa sababu alikuwa mkweli. Ndiyo, alikuwa mkweli kabisa. Alichokiona alikiona, sababu yake ndiyo hakuijua.

Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Methali hii huwa tunaitumia kama kwamba imemaliza ubishi: ushahidi wa aliyenyeshewa ni bora kuliko wa aliyekaa chini ya paa. Nakubali. Lakini itazame tena. Mvua iliyomnyea mwenye mahindi ya wiki tatu ndiyo hiyo hiyo iliyomnyea mwenye maharage yaliyokwisha kung'olewa na kuanikwa uwanjani. Wote wawili imewanyea, na ukiwauliza watakupa majibu mawili. Mwalimu wa kwaya alikaa kwenye kiti, chumbani, chombo kimelazwa juu ya meza. Utingo alikaa juu ya mzigo. Mashine ile husoma diski kwa mwale mwembamba wa mwanga unaofuata mstari ambao jicho haliwezi kuuona, na mtikisiko mdogo tu huutoa mwale njiani. Wengine waliweka ndani yake akiba ya sauti ya sekunde kumi au arobaini ili pengo lisisikike, lakini ili kuipata akiba hiyo aghalabu diski ilizungushwa upesi zaidi, na betri zikalipa. Hivyo utingo na mwalimu hawakupingana hata kidogo. Tulidhani wanapingana kwa kuwa sisi wasikilizaji tulitaka jibu moja, ndiyo au hapana, lisilokuwa na mtu ndani yake.

Hapo kuna kosa la kutojua, na kosa la kutojua husameheka. Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike.

Walikuwapo walimu wawili vijana chuoni, marafiki wa chumba kimoja, waliokula sahani moja tangu masomoni. Mmoja alinunua kicheza diski. Mwenzake, ambaye alikuwa ameweka fedha kidogo kidogo kwa ajili ya mdogo wake aliyekuwa akisubiri kuanza kidato cha kwanza, akamwuliza: ni kizuri? Akajibiwa: sauti yake ni safi, hujapata kusikia. Akanunua. Alihesabu kwamba bado muda upo wa kurudisha fedha ile kabla ya ada.

Betri za bei nafuu, zile ambazo madukani kwetu ndizo zilizokuwapo, hazikuvumilia kazi ya kuzungusha diski. Baada ya saa mbili tatu zilikwisha. Jozi moja ilikuwa kama shilingi 500. Mtu anayesikiliza kila jioni, tena umeme wa jenereta chuoni ukizimwa saa nne, alihitaji jozi moja kila baada ya siku mbili. Katika siku mia moja, jozi 50, shilingi 25,000. Yaani alikuwa ananunua chombo kingine kizima kila baada ya miezi mitatu na ushei. Na yule wa kwanza alilijua hilo! Alikuwa amekwisha kulijua kabla hajaulizwa, maana alikuwa anakopa betri kwa mlinzi wa usiku.

Mdogo mtu alichelewa kuanza shule mwaka ule kwa muda wa majuma sita. Marafiki wakaacha kusemezana, na likaletwa ofisini kwangu kwa sababu chumba kilikuwa cha chuo. Nikamwuliza yule wa kwanza mbona hukumwambia. Akanijibu kwa adabu, "Mkuu, mimi sikumdanganya. Aliuliza kama ni kizuri, nami nikamweleza sauti. Kuhusu betri hakuniuliza."

Jibu hilo lina umri mkubwa kuliko alivyodhani. Cicero, Mrumi, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliandika juu ya mfanyabiashara aliyetoka Aleksandria na shehena ya nafaka kwenda kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, naye njiani ameziona meli nyingine nyingi zenye nafaka zikija nyuma yake. Awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Diogenes wa Babeli akasema kutosema si sawa na kuficha. Antipater, aliyekuwa mwanafunzi wake, akasema binadamu amezaliwa kuwafaa wenzake, hivyo aseme. Cicero akamuunga mkono Antipater. Katika Uislamu nako iko hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad alipotia mkono ndani ya chungu ya nafaka sokoni akakuta majimaji chini. Akamtaka mwenye mali aweke zilizolowa juu, watu wazione. Lakini angalia, mifano yote miwili ni ya muuzaji. Muuzaji ana faida, kwa hiyo ukimya wake tunauelewa mara moja. Yule kijana hakuwa na senti moja ya faida. Kwa nini basi alinyamaza?

Nimelitafakari sana, nami nathubutu kusema kwamba alikuwa anauza kitu, ila si kwa fedha. Mtu aliyetoa shilingi 25,000 kwa kitu kinachomtesa huona aibu. Akikitaja kasoro, amejitaja mwenyewe kuwa mjinga. Akipata mwenzake wa kununua kama yeye, ujinga umegawanywa nusu kwa nusu na unaanza kufanana na busara. Hii ndiyo sababu sifa nyingi za wanunuzi hutolewa kwa sauti kubwa kuliko sifa za wauzaji. Muuzaji tunamjua kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mnunuzi tunamwona kama mtu asiye na ngoma.

Kuna na ukimya wa aina ya pili, ambao mimi huuonea huruma zaidi. Huku kwetu mwenye duka si jina juu ya kibao. Ni shemeji, ni jirani, ndiye aliyetoa sanduku la mazishi kwa mkopo ulipofiwa. Ukisema hadharani kwamba vitu vyake vinaharibika, umemtilia mchanga kitumbua chake, na kesho mtakutana msibani. Marekani watu waliunda chama mwaka 1936, na Uingereza mwaka 1957, vinavyonunua bidhaa dukani kama mteja mwingine yeyote, vikazipima na kuchapisha matokeo. Aliyeandika hajui aliyeuza, wala hatakula naye pilau. Sisi tunalo Shirika la Viwango tangu sheria ya mwaka 1975, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji asipotoshwe. Ni vyombo vya lazima. Lakini hakuna ofisi itakayomwambia mwalimu wa Rulenge kwamba chombo ni halali, hakina hatari, kina sauti safi, ila kwa mshahara wako na betri za duka la hapo kitakufilisi. Hilo atalijua kwa jirani tu, na jirani ana shemeji mwenye duka.

Kwa hiyo yule kijana nilimwambia kwamba swali "ni kizuri?" halikuwa juu ya chombo. Rafiki yake alikuwa anauliza, "Mimi, kwa hali yangu unayoijua, nikinunue?" Na hali yake aliijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu fedha za ada zilikuwa chini ya godoro lililo hatua mbili kutoka lake. Kama mgeni wa njiani angemwuliza, sauti safi ingekuwa jibu la kutosha. Kadiri unavyomjua anayeuliza, ndivyo maneno unayodaiwa yanavyoongezeka. Alinisikiliza. Sidhani kama alikubali siku ile. Walihamishwa vituo tofauti mwaka uliofuata.

Siku hizi wajukuu wangu hununua vitu kwa simu, nao hunionyesha nyota: tano, nne na nusu, watu elfu tatu wamesema. Huwa nawauliza hao elfu tatu wanaishi wapi, wanalipwa lini, na kama kwao kuna vumbi jekundu. Wananicheka. Lakini yule mdogo wa kike, nimeona, siku hizi huanza kusoma wenye nyota mbili.

Yule mama muuza duka aliyesema havirudi, baadaye vilirudi. Naye alifanya jambo ambalo sijaona duka jingine likilifanya: alichukua daftari la kurasa 48, akaliweka juu ya meza ya duka, akaandika kila kilichorudishwa na sababu aliyoitaja mteja kwa maneno yake mwenyewe. Aliyetaka kununua alipewa kwanza daftari asome, na asiyejua kusoma alisomewa. Nililisoma mwenyewe. Chini ya malalamiko ya kumi hivi, mengi yakiwa ni yale yale ya betri, mtu mmoja alikuwa ameomba iandikwe kwamba chake ni kizima, kwa sababu anakitumia Jumapili tu. Mama yule aliuza vicheza diski vinne tu baada ya hapo, akaacha kuviagiza, na nafasi yake kwenye rafu akaijaza betri.