MZABIBU NA MATAWI: SAFARI YA MIGUU KANDO YA MTO MOSEL

Somo: Yohana 15:1–8



Wengi mmetuuliza tangu turudi, na baadhi yenu mmeuliza kwa kicheko, imekuwaje wazee wawili wa kanisa, tuliosimama mbele yenu miaka mingi tukikemea ulevi, kwenda Ulaya kuitembelea nchi ya divai. Swali ni halali, nasi tutalijibu. Ila jibu lenyewe si lile tulilokuwa tumeliweka tayari siku ya kuondoka.

Safari ilikuwa zawadi. Binti yetu anayefanya kazi Ujerumani alitaka tuadhimishe miaka 40 ya ndoa, na kwa kuwa ajua ya kwamba wazazi wake hawawezi kukaa kitako siku nane, alitutafutia safari ya miguu, kutoka Bernkastel-Kues mpaka Cochem, kwa njia iitwayo Moselsteig. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 2014. Urefu wake ni kilometa 365, nayo huanzia Perl, karibu na mpaka wa Ufaransa na Luxemburg, ikaufuata mto hadi Koblenz, ambapo Mosel unaingia katika mto Rhine. Sisi tulitembea kipande tu. Hakuna kiongozi. Unapewa ramani na kijitabu, na alama zimewekwa juu ya miti na nguzo. Asubuhi waacha begi mlangoni pa nyumba ya wageni, gari lalichukua, na jioni walikuta limekutangulia kijiji cha mbele. Mmoja wetu alisema siku ile ile ya kwanza ya kwamba hayo yatosha mahubiri ya Jumapili nzima. Na kama yasingetukuta mengine, hayo ndiyo tungaliwaandikia, nanyi mngalifurahi, basi.

Huko Kues, ng'ambo ya daraja, tulianza kwa kuiona nyumba moja ya wazee. Ilianzishwa na Nikolaus wa Kues, mzaliwa wa pale pale mwaka 1401, mwana wa mtu wa mashua, aliyekuja kuwa Kardinali na mwanachuoni mkubwa. Mwaka 1458 aliiwekea nyumba hiyo wakfu, pamoja na mashamba ya mizabibu, ili watunzwe humo wanaume 33 waliozeeka, kwa ukumbusho wa miaka ya Bwana wetu duniani. Yeye alifia Italia mwaka 1464. Mwili umezikwa Roma, lakini moyo wake ulirudishwa Kues ukazikwa ndani ya kanisa la nyumba ile. Hadi leo wazee wanaishi humo, wanaume kwa wanawake, na mizabibu ya wakfu ingali ikizaa. Sisi ambao hatujaweza kumaliza paa la nyumba ya mjane mmoja katika mtaa wetu tulitoka pale tumeinamisha vichwa.

Lakini si hilo lililotuchoma. Wenyeji wana masimulizi, na wanahistoria hawayathibitishi, ya kwamba Nikolaus alipokuwa kijana baba yake alimkasirikia kwa kuwa alipenda vitabu kuliko kazi ya mashua, akampiga kwa kasia akaanguka mtoni. Kijana akatoka majini akaenda zake, asirudi. Tulipoyasikia hayo hatukutazamana. Tulishika njia.

Sisi tuliozaliwa Dodoma mzabibu si mgeni kwetu. Twaupogoa, twauchuma, mara mbili kwa mwaka. Hata hivyo tulichokiona Mosel hatukuwahi kukidhania. Kwetu shamba ni tambarare. Kule limesimama kama ukuta wa nyumba. Udongo karibu haupo. Ni vipande vya jiwe jeusi lipasukalo bapa bapa, kama zile sleti tulizoandikia shuleni utotoni. Mchana jiwe hilo hunywa joto la jua, na usiku hulirudisha kwenye mizizi, ndiyo maana zabibu zaweza kuiva katika nchi yenye baridi namna ile. Mavuno ni mara moja tu kwa mwaka, wakati wa kupukutika majani. Mahali paitwapo Calmont, karibu na kijiji cha Bremm, mteremko wafika kama digrii 65, nao wahesabiwa kuwa miongoni mwa mashamba ya mizabibu yaliyo makali kuliko yote ya Ulaya. Trekta haliwezi kufika. Hutumia kigari kidogo kitambaacho juu ya reli moja, na penginepo ni mgongo wa mtu. Tuliona pia matuta yaliyoachwa, kuta za mawe zimebomoka, vichaka vimeota kati ya nguzo kuukuu. Wazee wamechoka, vijana wamekwenda mijini. Hilo nalo halikuwa geni kwetu.

Siku ya tatu, msituni juu ya Traben-Trarbach, tulipotea. Palikuwa na njia panda na ukungu. Mmoja wetu, na msomaji akikisia ni yupi hatutakataa, alishikilia ya kwamba alama ameiona upande wa kushoto. Mwingine akasema hajaona alama yoyote. Tukaenda kushoto. Baada ya saa nzima hapakuwa na alama wala njia, bali manyunyu na majani yaliyooza. Hapo tukaanza kugombana, na kama mjuavyo ninyi mlio katika ndoa, ugomvi wa njia haukai njiani. Likatoka neno moja: “Ndivyo ulivyomfanyia mtoto. Ulikuwa na hakika vile vile.”

Ndugu zetu, mnalijua jambo hili, kwa maana lilifanyika mbele yenu. Yapata miaka miwili mtoto wetu wa kiume alikuja amelewa katika arusi ya dada yake. Haikuwa mara ya kwanza. Jumapili iliyofuata tulisimama kanisani, sisi wawili, tukasema ya kwamba nyumba yetu haina tena mlevi, na tukataja mbele yenu maneno ya Bwana juu ya tawi lisilozaa. Wengine wenu mlitushika mkono baadaye mkatusifu kwa uthabiti. Tangu siku ile jina lake halikutamkwa mezani petu. Lilitamkwa mara ya kwanza mle msituni, tumelowa, hatujui tuko wapi.

Tulishuka kwa kuufuata mteremko, tukijua ya kwamba mto uko chini. Tukatokea katikati ya mizabibu, na pale palikuwa na mzee mmoja na mkewe wakifanya kazi mvuani, wamevaa makoti ya plastiki. Tukawasalimu kwa Kiingereza chetu, naye mzee akajibu kwa chake, kilichokuwa kidogo kuliko chetu. Alituonyesha kijiji kwa kidole. Lakini miguu ilikuwa imechoka, tukasimama tukitazama.

Wakati ule, siku chache baada ya Pasaka, mizabibu ilikuwa imekwisha kupogolewa. Kila mche ulikuwa na nguzo yake peke yake, na juu ya shina yameachwa matawi mawili marefu. Mzee alilishika moja, akalikunja polepole kwa mikono miwili, akaliteremsha hata ncha yake ikafika chini, akalifunga kwenye nguzo. Kisha la pili, upande wa pili. Mche ukawa na umbo la moyo. Ndiyo desturi ya Mosel tangu zamani. Tulimwuliza mbona hangoji mvua ikatike. Akacheka, akaokota ufito mkavu uliokatwa, akaukunja: ukavunjika mara moja kwa sauti. Halafu akaligusa tawi bichi lililolowa, akatupigia mfano wa kulikunja. Tulielewa. Siku ya jua kali tawi hukakamaa, likikunjwa hupasuka. Kazi hii hungojewa siku ya unyevu.

Mama akaona kitu kingine. Kwenye ncha zilizokatwa yalikuwa yakidondoka maji, tone kwa tone, si ya mvua. Mke wa mzee akaonyesha jicho lake kwa kidole, akateremsha kidole shavuni. Mzabibu ukipogolewa, maji yapandapo wakati wa joto kurudi hutoka mahali pa kisu. Wao husema mzabibu unalia. Nasi ndivyo ulivyo kwetu, ila tulikuwa hatujasimama kuutazama.

Jioni ile tulifungua Yohana 15, tukasoma kila mtu kwa zamu, kama tulivyokuwa tukifanya tulipooana. Ni somo tulilolihubiri mara nyingi sana. Bwana asema ya kwamba yeye ndiye mzabibu, na Baba ndiye mkulima, na sisi matawi. Tulisoma mara ya pili. Kisu ki mkononi mwa nani? Kiko mkononi mwa mkulima. Katika sura nzima hakuna tawi lililopewa kisu cha kulikata tawi jenzake. Matawi yamepewa amri mbili, kukaa ndani yake na kupendana. Wako waalimu wasemao ya kwamba neno la Kiyunani katika aya ya pili laweza kuwa na maana ya kuinua kama lilivyo na maana ya kuondoa, na wengine hawakubali. Hatutaki kujenga juu ya hilo. Na liwe kuondoa. Bado si kazi tuliyopewa sisi, nasi tulijitwalia mbele ya kanisa.

Msituelewe vibaya. Hatuandiki haya kuulegeza mkono juu ya pombe. Tumezika vijana wengi wa mtaa huu, na tunawajua wake ambao mshahara wa waume zao hufia njiani siku ya kupokewa. Aliyeweka nadhiri ya kuacha na aishike. Katika zile nyumba za wageni tuliletewa glasi mbili kila jioni, tukaomba maji ya zabibu, nao wakaleta bila neno. Bwana aliyafanya maji kuwa divai kule Kana, naye pia ajua jinsi divai ilivyomwangusha Nuhu. Tulilokosa sisi si kuuchukia ulevi. Tulimkunja mwanetu siku ya jua kali, mbele za watu, naye akavunjika, kisha tukasema tawi lilikuwa kavu.

Siku ya saba tulipita Ediger. Juu ya kijiji hicho kuna kanisa dogo, na ndani yake jiwe lililochongwa katika karne ya 16. Bwana Yesu yumo ndani ya shinikizo la divai, amesimama mahali pa zabibu, na mti wa kukamulia umemlemea. Mtajua limetoka Isaya 63. Tulikuwa tumechoka, na mmoja wetu akaketi chini sakafuni. Hatukuomba kwa maneno mengi. Kulikuwa na baridi, tukashuka.

Huko Cochem, katika siku ya mwisho, tulinunua kadi ya picha ya mto, tukamwandikia. Hatukuandika maonyo. Tuliandika ya kwamba tulikosea kumtaja kanisani, na ya kwamba mama amemwona katika usingizi akiwa mdogo. Anwani yake hatukuwa nayo. Tuliituma kwa shangazi yake.

Sasa tumerudi, na kwa kuwa neno lile tulilisema hadharani, tunaliondoa hadharani, katika gazeti hili, tukiwaomba radhi ninyi mliosikia. Yeye hajafika nyumbani. Kwa shangazi alifika mara moja, akaisoma kadi amesimama, akaitia mfukoni, akaondoka. Juma lililopita tulichongesha ufunguo wa pili wa mlango wa uani, nao tumeupeleka kwa shangazi. Mkikutana naye sokoni, tafadhali msimwambie lolote juu ya makala hii. Msalimieni tu kwa jina lake.

Ndimi wenzenu katika huduma,
Baba na Mama.