Sikio la Mzee Lina Bei Gani?

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Neno hili twalisema kwa kucheka, lakini ndani yake mna swali lisilo la kicheko. Kitu kikiisha kuwa cha kale, je, kimepoteza haki ya kusikilizwa? Na watu wakipendao, je, nao wameipoteza haki yao? Mwezi huu twapenda kulipima swali hili kwa mfano wa mbali, yaani nyimbo za mashambani za Marekani, ambazo wenyewe huziita kantri. Si ngeni kwetu kabisa, maana sauti ya Jim Reeves, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1964, ingali ikipendwa katika nyumba nyingi za Kenya na Tanzania.

Nyimbo hizi zilikua miongoni mwa wakulima, wachimba makaa na wafanya kazi wa reli huko kusini. Walipiga fidla, banjo na gitaa, wakaimba habari za kazi, za kufiwa, za ulevi na majuto yake, tena na tenzi za kanisani. Redio ndiyo iliyozifikisha mbali. Mwaka 1925 kampuni moja ya bima katika mji wa Nashville ilifungua kituo kiitwacho WSM, na tarehe 28 Novemba mwaka ule ule mzee wa miaka 77, Uncle Jimmy Thompson, aliketi akapiga fidla yake ili watu wa mbali wamsikie. Ndio mwanzo wa maonyesho yaitwayo Grand Ole Opry, ambayo hayajakoma hata leo. Tuangalie vema: aliyefungua mlango alikuwa mzee. Lakini kampuni ile haikumleta kwa sadaka. Ilitaka kuuza bima. Basi wimbo na biashara vilianza safari pamoja.

Viliachana wapi? Hapo yafaa tuelewe kazi ya redio ya biashara. Msikilizaji halipi kitu, kwa hiyo mwenye redio hamwuzii nyimbo. Auzacho ni masikio ya wasikilizaji, na mnunuzi ni mfanya biashara atakaye kutangaza bidhaa zake. Mnunuzi huyu hutafuta hasa masikio ya watu wa miaka 25 hadi 54, akidhani kwamba hao ndio rahisi kuvutwa na kitu kipya. Aliyepita umri huo, hata akisikiliza kutwa kucha, haiongezi sana bei. Tena mwaka 1996 sheria mpya ya Marekani iliondoa mpaka wa idadi ya vituo ambavyo kampuni moja iliweza kumiliki nchini kote. Zamani mwisho ulikuwa vituo 40. Baada ya miaka michache kampuni moja ilikuwa na zaidi ya 1,200. Mtu wa mji mdogo aliyewajua wasikilizaji wake kwa majina akapungukiwa na nguvu, na orodha za nyimbo zikaamuliwa mbali, nazo fupi.

Matunda yake yalionekana kwa waimbaji wakubwa. Mwaka 1998 Johnny Cash alipewa tuzo ya Grammy kwa santuri iliyo bora ya kantri, na vituo vya kantri vilikuwa havikuipiga ila kwa nadra. Mwaka 1999 George Jones, mwenye miaka 68, alitakiwa aimbe wimbo wake Choices kwa kuufupisha katika sherehe ya tuzo. Alikataa, akabaki nyumbani.

Labda msomaji atasema, "Ni nini la ajabu? Kila kizazi kina ngoma yake, na mwenye duka hana budi kuuza kinachonunuliwa." Maneno haya yana haki ndani yake. Nyimbo zisipobadilika hufa, na mwenye duka naye ana watoto wa kulisha. Wala tusiipambe zamani kupita kiasi. DeFord Bailey, mtu mweusi aliyepiga kinanda cha mdomo kwa ustadi mkubwa, alikuwa mmoja wa nyota wa kwanza wa Opry, lakini mwaka 1941 aliachishwa, akaishi kwa kung'arisha viatu. Alifariki mwaka 1982, na heshima ya kuandikwa katika ukumbi wa wakuu wa kantri aliipata mwaka 2005, asipoweza tena kuiona. Hizo nazo zilikuwa siku za kale.

Basi hatusemi kwamba la kale ni jema kwa kuwa ni la kale. Tusemalo ni hili: kosa si kupiga wimbo mpya, kosa ni kumpima mtu kwa kile atakachonunua. Bailey alipimwa kwa rangi yake, na mzee wa leo hupimwa kwa mfuko wake. Mizani ni mbalimbali, lakini ubaya wake ni wa namna moja. Aliyelima, akalea, akazika wenzake, anaambiwa bila maneno kwamba sikio lake halina bei, kwa hiyo halina haja ya kusemeshwa.

Tena iko hasara nyingine. Nyimbo zile hazikupotea. WSM ingali ikizipiga, na atakaye huzipata kwa intaneti. Lakini hapo kale babu na mjukuu walisikiliza redio moja, na kijana alijifunza majuto ya watu wengine kabla ya kupata ya kwake. Sasa kila rika lina sanduku lake. Kijana asiyesikia sauti ya mzee atajuaje kwamba huzuni yake si ya kwanza duniani?

Dawa ni nini? Mfanya biashara hatuwezi kumlazimisha apende asichokipenda. Lakini usiku ule wa mwaka 1999, Alan Jackson, aliyekuwa mdogo kwa Jones kwa miaka mingi, aliukatiza wimbo wake mwenyewe katikati, akaimba sehemu ya ule wa mzee asiyekuwapo. Alitoa katika nafasi yake mwenyewe, wala hakungoja ruhusa.

Na huku kwetu liko jambo la kukumbuka. Mwaka 1950 Hugh Tracey alinasa nyimbo za wasichana wa Kipsigis nchini Kenya. Waliimba habari za mtu wa ajabu, nusu mtu nusu paa, wakamwita Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyesikika kwao kwa santuri, naye alikwisha kufariki tangu mwaka 1933. Hakuna tangazo lililowalipa wasichana wale. Walimhifadhi kwa kumwimba.

Ndugu wasomaji, katika kila nyumba yetu yumo mzee mwenye wimbo ambao hakuna redio itakayoupiga. Jioni ya leo, kabla ya kuwasha cha kwetu, na tumwombe auimbe, tena tumwache aumalize.